UZI: Miaka sita nahudumia maveterani wazee Marekani. Nawaambia ubora wa nyumba hizi unakaa wapi

Mzigo_wa_Kuni (mleta uzi)

Wakuu, salama?

Wiki iliyopita kuna uzi humu watu waliwacheka Wabongo wa Marekani kwamba digrii wameziweka kabatini, wanaosha vizee. Sikuchangia. Mimi ni mmoja wao, na digrii yangu ya ugavi iko kweli kabatini, kona moja imeshakunjika. Ila kazi hii nimeifanya miaka sita, yote kwenye nyumba moja ya maveterani ya jimbo fulani huku kwenye theluji, nikaona nifungue uzi niseme ninachokijua.

Kwanza tuwekane sawa. Veterani huku ni yeyote aliyetumikia jeshi, hata kama alikuwa mpishi kambini hajawahi kusikia risasi. Akizeeka akashindwa kujihudumia, kuna njia tatu za kumlaza kwa msaada wa serikali. Vipo vituo vya wizara yenyewe ya maveterani, VA, vinaitwa Community Living Centers, zaidi ya 130 nchi nzima. Zipo nyumba za majimbo, State Veterans Homes: mali ya jimbo, lakini VA inachangia kwa kila kichwa kwa kila siku na inakagua kila mwaka. Na zipo nyumba za wazee za kawaida mitaani ambazo VA ina mkataba nazo. Sheria ya 1999 inailazimu VA kumhudumia yule ambaye ulemavu wake uliotokana na utumishi umepimwa asilimia 70 kwenda juu. Wengine wanaingia kwa kutegemea nafasi na hali zao.

Sasa usiku wangu wa kwanza. Nimetoka mafunzo ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, cheti bado kina joto. (Sheria ya nchi inataka angalau saa 75 za mafunzo, basi. Fundi cherehani wa Kariakoo anakaa na mwanafunzi muda mrefu zaidi ya huo.) Nikapewa orodha, nikaambiwa chumba cha 14 abadilishwe nepi saa tisa usiku. Nikaingia kwa adabu zetu, taratibu, kimya kimya nisimshtue, nikainama, nikamshika bega.

Nilipigwa ngumi ya taya nikaona nyota. Mzee wa miaka 78, mguu mmoja haufanyi kazi.

Nilipotoka pale nikisugua taya, msaidizi mmoja wa makamo kutoka Haiti alinicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia yule alikuwa Vietnam, usiku mtu anayekuja kimya kimya kwake ni adui. Akanionyesha: unasimama mlangoni, unawasha taa ya korido, unamwita kwa jina ukiwa upande wa miguu yake, unangoja akujibu. Ukipata jibu ndiyo unasogea. Kesho yake nikafanya hivyo. Mzee akasema, "Karibu, nani leo?" Tangu siku hiyo hakunigusa tena.

Hilo somo halikuwa kwenye faili lake wala kwenye zile saa 75. Lilikuwa kwenye kichwa cha yule mama wa Haiti, aliyekuwa kwenye korido ile ile kwa miaka kumi na moja. Mwaka uliofuata akaacha kazi kwa sababu ghala la jirani lilikuwa linalipa zaidi kwa saa. Nyumba ikapoteza kila alichokijua kuhusu wazee 32 wa korido ile.

Naendelea, ngoja nitoke shifti.

---

boda_wa_chanika

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Tiririka mkuu.

---

kisiki_mkavu

Yaani nyie wazungu wenu wanazaa watoto halafu wanawatupia wageni wawaoshe wazazi. Na hao ndio mashujaa wa taifa. Laana tupu.

---

Mzigo_wa_Kuni

Kisiki, nilikuja na wazo hilo hilo kwenye begi. Nakwambia nilichokiona: wengi wanaofika kwetu wamehudumiwa nyumbani miaka na miaka na mke. Mke naye ana 87, amemnyanyua mume mpaka mgongo umekatika. Siku anayomleta anakaa kwenye gari saa nzima hashuki. VA ina mpango wa kumlipa posho ndugu anayemhudumia veterani nyumbani, na tangu Oktoba 2022 umefunguliwa kwa maveterani wa vipindi vyote, kwa hiyo kuhudumia nyumbani kupo. Ila mtu wa kilo 110 mwenye dimenshia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, anayetoka nje na pajama saa nane usiku nyuzi joto zikiwa chini ya sifuri, utamhudumia na nani nyumbani? Sisi tuna binamu na mabinti wa kazi. Wao hawana.

Naendelea pale nilipoishia.

Watu wakitaka "kuboresha" nyumba hizi wanaanza na rangi. Bendera mpya, picha za ndege za kivita ukumbini, televisheni kubwa, samaki kwenye tangi. Sisemi ni vibaya, wazee wanawapenda wale samaki. Lakini tupige hesabu pamoja. Kanuni ya VA kwa nyumba za majimbo inataka angalau saa 2.5 za uuguzi kwa kila mkazi kwa saa 24. Zigawe kwa shifti tatu: dakika 50 kwa mtu. Ndani ya hizo dakika 50 weka kumwamsha, kumsafisha, kumvalisha, kumlisha kwa kijiko asipaliwe, dawa, choo, kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na kuandika yote kwenye kompyuta. Na humo ndani muuguzi wa dawa naye amehesabiwa. Kwa nyumba za wazee za kawaida serikali ya shirikisho ilipitisha mwaka 2024 kiwango cha saa 3.48. Wenye nyumba wakaenda mahakamani Texas, na Aprili 2025 kikafutwa.

Nyumba nyingi za majimbo zinavuka hizo 2.5, yetu pia inavuka. Kwenye karatasi. Usiku wa Jumamosi wa theluji, watu watatu wamepiga simu hawaji, karatasi haimgeuzi mtu.

Kuna usiku tulikuwa wasaidizi wawili kwa wazee 32. Winchi ya kumnyanyulia mtu kitandani inataka watu wawili, ni sheria ya nyumba na ni ya haki, nimeona mtu ameanguka. Mwenzangu kabanwa chumba kingine na mzee anayetapika. Mzee wa chumba cha 9, fundi wa meli wa jeshi la majini, amejichafua, amebonyeza kengele. Nimefika nikamwambia nisubiri. Nikarudi baada ya dakika 10 nikamwambia tena nisubiri. Ilichukua dakika 40. Tulipofika wawili na winchi akatuomba yeye msamaha kwa usumbufu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kwa lile neno lake nilishindwa hata kuvaa glavu vizuri.

---

Wanjiku_wa_Lowell

Niaje wadau. Niko Lowell, Massachusetts, huku Wakenya tumejaa hadi unaeza sahau uko majuu. Hii ya wafanyakazi kukosa si mchezo, wacha niwaambie ya Holyoke kwa wale hawakuskia.

Holyoke iko magharibi ya jimbo letu, kulikuwa na Soldiers' Home ya serikali ya jimbo. Machi 2020 korona imeingia, wafanyakazi wanaanguka wagonjwa, wengine wanaogopa. Tarehe 27 wakubwa wakaamua kuunganisha wodi mbili za wazee wa dimenshia kuwa moja, juu watu wa kuhudumu hawakutosha. Wazee zaidi ya 40 mahali pa watu 25, wenye virusi na wasio navyo wamechanganywa. Angalau maveterani 76 walikufa. Uchunguzi ulioagizwa na gavana ukatoka Juni hiyo hiyo, ukasema vile yule msimamizi mkuu, mwanajeshi wa zamani, hakuwa na leseni ya kuendesha nyumba ya wazee. Jimbo likakubali kulipa familia dola milioni 56 mwaka 2022.

Kwangu funzo ni hili: watu walipiga kelele juu ya "ule uamuzi", na ulikuwa mbaya kabisa. Lakini uamuzi kama huo unazaliwa mahali watu wamekuwa wachache miaka mingi na kila mtu amezoea.

---

Mzigo_wa_Kuni

Asante dada. Baadaye wakaanza kujenga jengo jipya pale Holyoke, vyumba vya mtu mmoja mmoja. Chumba cha peke yako kinazuia maambukizi na kinampa mtu heshima, naunga mkono. Illinois nao, Quincy, mwaka 2015 wakazi 12 walikufa kwa bakteria ya mabomba ya maji, kwa hiyo jengo si jambo la kudharau. Ila jengo jipya na watu wale wale wachache, wiki ya tatu utasikia kengele zinalia vile vile.

---

kisiki_mkavu

Wekeni kamera kila kona, mvivu afukuzwe. Mbona rahisi. Na wakaguzi wanafanya nini?

---

Mzigo_wa_Kuni

Wakaguzi wanakuja. Wiki wanayokuja utadhani harusi: mameneja wanasukuma wilicheya, watu wa ejensi, wale wa kukodi kwa siku, wameitwa mpaka wamezidi, juisi imejaa. Mwaka 2019 ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, GAO, ilitoa ripoti: wakaguzi waliokodiwa na VA kwa nyumba za majimbo walikuwa wanaruhusiwa kuandika baadhi ya kasoro ndogo kama mapendekezo tu, kwa hiyo hazikufuatiliwa kama kasoro. GAO hiyo hiyo ikasema tovuti ya VA haikuwa inampa mwananchi taarifa za ubora wa nyumba za majimbo. Fikiria mtoto wakati ule anamtafutia baba nyumba, vituo vya VA vilionekana na nyota zake za ubora, nyumba ya jimbo hakuwa na cha kuonyeshwa.

Na mvivu nimemwona, sikatai. Mmoja alikuwa analala kwenye chumba cha mashuka. Alifukuzwa, sawa. Aliyeletwa badala yake alikuwa wa ejensi, usiku huo alikuwa hapa, kesho yake mji mwingine. Mchapakazi kweli kweli, lakini hajui kwamba wa chumba cha 14 haamshwi kwa bega. Unadhani nani alipigwa ngumi? Na ikishaandikwa "mkazi ana fujo", daktari anaitwa, kidonge cha kutuliza kinaandikwa, mzee anasinzia mchana, anaanguka, anavunjika nyonga. Nimeiona njia hiyo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mara mbili.

---

Sista_P

Mimi ni muuguzi hapa Dar, hospitali sitaitaja. Kugeuza kila saa mbili mnaongea kama hadithi. Kwangu usiku niko peke yangu na wodi nzima, anayegeuza ni ndugu aliyelala chini ya kitanda. Nasoma lakini kwa wivu.

Swali: hiyo ya vidonge hamna njia nyingine?

---

Mzigo_wa_Kuni

Sista heshima yako. Ndugu wa chini ya kitanda ndiye hasa ninayemtetea humu: mtu mmoja anayemjua mgonjwa mmoja. Huku wanatafuta namna ya kumwajiri.

Njia nyingine ipo. VA kwenye vituo vyake ina mpango wa wazee wenye dimenshia unaitwa STAR-VA. Mwanasaikolojia na muuguzi wanakaa na wasaidizi wa chini kabisa wanauliza: fujo ilianza saa ngapi, nani alikuwepo, kelele gani ilisikika, alikuwa anataka nini. Yetu ni ya jimbo, hatuna mpango huo rasmi, lakini muuguzi wetu mmoja aliuleta kichwani kutoka alikotoka.

Tulikuwa na mzee wa jeshi la nchi kavu, sajenti, anakataa kuoga. Ratiba yake ya kuoga ilikuwa saa moja jioni. Kila jioni ni vita: anashika fremu ya mlango, matusi, mara moja alimng'ata mtu. Yule muuguzi akatuuliza sisi wa usiku: huyu anaamka saa ngapi mwenyewe? Tukamwambia saa kumi na moja alfajiri kila siku, anakaa kitandani anapapasa viatu. Akasema mpelekeni kuoga saa hiyo. Nikamwendea saa kumi na moja na taulo begani, nikamwambia tu, "Sajenti, maji yapo." Akasimama. Akaoga mwenyewe, mimi nashika bomba. Akataka na kunyoa.

Gharama yake: sifuri. Kilichohitajika ni mtu wa usiku kuulizwa, na ratiba ya mzee kumfuata mzee badala ya kufuata shifti. Hiyo ya pili ilileta ugomvi wa wiki mbili na mameneja maana watu wa jioni walionekana wamepunguziwa kazi.

---

boda_wa_chanika

Mkuu hiyo ya kumwita sajenti, kwa hiyo vyeo wanabaki navyo? Na koneksheni ya kuja huko ikoje 😂

---

Mzigo_wa_Kuni

Koneksheni nenda jukwaa la ajira huko 😂

Vyeo uliza kwanza. Wengine ukimwita cheo anang'aa. Mwingine alikuwa kapteni, aliniambia tafadhali usiniite hivyo, hakuniambia kwa nini na sikuuliza.

---

Mama_Tunu

Jamani nimesoma uzi wote. Mimi niko Marekani pia, mume wangu ni wa huku. Baba mkwe ana 81, alikuwa jeshi la anga, sasa ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, na hajiwezi tena. Wiki ijayo tunaenda kutembelea nyumba ya maveterani ya jimbo letu. Kaka nisaidie, niangalie nini? Mume wangu anaangalia jengo tu na bei.

---

Mzigo_wa_Kuni

Shemeji, bei kwanza nimalize: ulizeni asilimia yake ya ulemavu. Kama ni 70 kwenda juu, VA inalipa nyumba ya jimbo kila kitu. Na Parkinson ni moja ya magonjwa ambayo VA inayahusisha na ile sumu ya kuua majani iliyomwagwa Vietnam, kwa hiyo kama alifika kule na hajawahi kudai, mwone ofisa wa maveterani wa kaunti kabla ya kusaini chochote. Hawatozi hela. Wazee wengi wamekaa na haki yao mfukoni miaka.

Sasa matembezi. Watakupangia Jumanne saa nne asubuhi. Nendeni. Halafu mrudi bila miadi Jumapili saa kumi na mbili jioni, muda wa chakula cha usiku na watu wa wikendi. Simama kwenye korido, angalia taa juu ya milango. Taa ikiwaka, tazama saa yako. Usiulize mtu, hesabu tu.

Ingia chumbani, angalia jagi la maji liko wapi. Likiwa kwenye meza ambayo mkono haufiki, huyo mzee hanywi. Angalia masikio. Wengi wa hawa wana matatizo ya kusikia kwa sababu ya mizinga na injini, na VA inawapa vifaa vya masikioni bure. Vikiwa masikioni, kuna mtu anajali asubuhi. Vikiwa droo ya tatu chini ya soksi, mzee anaonekana ana dimenshia kumbe hasikii. Sisi tulishawahi kukuta kimoja kwenye mashine ya kufulia.

Harufu: mkojo kidogo ni kawaida. Marashi makali korido nzima, hapo jiulize.

Omba ripoti ya ukaguzi wa mwisho, wanatakiwa kukuonyesha. Tafuta pia karatasi ya ukutani yenye idadi ya wauguzi wa siku ile. Na nyumba zote za wazee zina mtetezi wa wakazi wa jimbo, wanamwita ombudsman, mpigie simu kabla ya kuingiza mtu, siyo baada.

Lakini la kwangu ni swali moja, na usimuulize meneja. Mkute msaidizi anasukuma kigari cha mashuka, mwambie, "Huyu babu wa chumba hiki, umemhudumia tangu lini?" Akisema miaka miwili, na akakuambia anapenda kahawa ya namna gani, mpeleke baba mkwe hapo hata kama zulia limechakaa. Akisema "leo ndiyo siku yangu ya kwanza kwenye korido hii", uliza na wa pili. Na wa tatu.

---

Ngosha_T

Mkuu samahani naingiza la nyumbani. Mzee wangu alikuwa Kagera, 1978 hadi 79. Tunaye hapa Tabora, macho yanaenda. Usiku anapiga kelele, na mama amekuwa akimtikisa kumwamsha, juzi amemsukuma mama mpaka ukutani. Watu wanasema ni majini. Sasa nasoma habari ya ngumi ya taya nimebaki kimya.

---

Mzigo_wa_Kuni

Ngosha pole sana kwa mama. Mwambieni asimtikise tena. Asimame upande wa miguu, taa iwake kwanza, amwite kwa jina ambalo wenzake wa kikosi walimwita, siyo Baba Fulani. Amwambie yuko wapi: uko Tabora, ni usiku, ni mimi. Angoje sauti yake. Na kama kuna fimbo au panga karibu na kitanda, liondoke bila maneno. Halafu mkipata nafasi mpelekeni hospitali kwa watu wa afya ya akili, mseme alikuwa vitani, hilo neno lisiachwe.

---

Sista_P

Naunga mkono. Na hayo macho yapimwe, mtoto wa jicho unaondolewa. Mtu asiyeona usiku anaogopa mara mbili.

---

Mama_Tunu

Wapendwa nimerudi na mrejesho. Jumanne ilikuwa keki na maelezo. Jumapili tukarudi kama ulivyosema. Taa moja ilikaa dakika 22, nimehesabu mpaka mume wangu akaona aibu akataka kuingia mwenyewe. Nyingine dakika 4. Majagi yalikuwa karibu vyumba vyote.

Nikamkuta dada mmoja wa Ghana na kigari cha mashuka. Nikamuuliza. Akasema korido ile ana miaka mitano, akaanza kuniambia wa chumba cha pili hali mayai, wa kona anapenda redio ya besiboli iwashwe hata kama hakuna mechi. Nikamuuliza wako wangapi usiku. Akaangalia nyuma kwanza. Akasema, "Wiki hii tuko wawili."

Mume wangu anataka tusaini. Mimi sijui.

---

Mzigo_wa_Kuni

Huyo Mghana ana shifti gani? Kama ni ya asubuhi, ombeni korido yake kwa maandishi, na nyie mgawane jioni za wikendi nani anakuwepo muda wa chakula. Parkinson dawa zake haziwezi kuchelewa hata nusu saa, liandikwe kwenye mpango wa huduma kwa saa kamili, siyo "asubuhi, mchana, jioni".

Na kama ana vifaa vya masikioni, mnunulie betri za akiba, ziwe droo ya juu.